Ulalo wa Fuwele Katika Bamba la Alumini: Kipimo Kisichoharibu Mali

Mtaalamu wa madini anayepima unga wa mika kwa eksirei hujitahidi chembe zisilale upande mmoja, maana zikilala hivyo baadhi ya vilele vya mchoro wa eksirei hukua kupita kiasi na hesabu ya madini huharibika. Hapa Dodoma, yaliko makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, hadhari hiyo si ngeni. Hoja yangu ni kwamba anachokikwepa mtu wa madini ndicho anachokihitaji mtengenezaji wa sufuria, na ujuzi wa kwanza unaweza kumfaa wa pili.

Roli zinapolibana bamba, fuwele zake hugeuka na kulala kwa mielekeo michache. Ndiyo maana duara la alumini likikandamizwa kuwa sufuria, ukingo huinuka mawimbi, mara nyingi manne, ambayo hukatwa na kurudishwa tanuruni. Bamba lililotoka kwenye roli baridi huyainua kwenye nyuzi 45 kutoka mwelekeo wa roli. Lililopashwa moto hadi likapata fuwele mpya huelekea kuyainua kwenye nyuzi 0 na 90. Eksirei huiona tofauti hiyo mapema. Katika unga wa alumini usio na ulalo maalumu, kilele cha safu za atomi ziitwazo 111 kikihesabiwa 100, cha 200 huwa kama 47 na cha 220 kama 22. Cha 220 kikipanda mno, hiyo ni alama ya roli. Cha 200 kikikipita cha 111, moto umeshafanya kazi yake.

Wapo watakaosema inatosha kukandamiza sufuria moja na kuutazama ukingo. Ukingo huonyesha hasara tu. Hausemi kama kosa ni la roli au la tanuru, na fundi anahitaji kujua hilo ili arekebishe. Pingamizi zito zaidi ni la kina: mionzi ya shaba, yaani eksirei zitokazo kwenye shaba, husoma tabaka la juu tu, ambalo msuguano wa roli umelivuruga. Hilo ni kweli, lakini dawa yake ipo. Karibu robo ya mionzi ya molibdeni hupenya bamba la alumini la milimita 1, hivyo moyo wa bamba unasomeka bila kulichubua. Ni kweli pia kwamba mashine ya kawaida huona mwelekeo mmoja tu, ule wa wima juu ya uso wa bamba. Kwa picha kamili sampuli lazima iinamishwe na kuzungushwa, kwa njia aliyoieleza Schulz mwaka 1949, na kifaa cha kufanya hivyo ni gharama halali ya kuombewa fedha, pamoja na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki.

Kuhusu kukata sampuli, duara likitolewa kwenye mraba, zaidi ya asilimia 21 ya bamba hubaki kwenye kona nne. Kona hizo ni chakavu tayari, na zina historia ileile ya roli na moto. Kiwanda kiandike tu mshale wa mwelekeo wa roli juu ya kila kona kabla ya kuileta maabara.