Seladoni Sebuleni, Chungu Jikoni: Vyombo vya Kale vya Pwani ya Kusini
Jahazi likitoka Mchinga wakati wa kusi na kuambaa pwani kuelekea kaskazini, hufika Kilwa Kisiwani, ambako vigae vya vyombo vya ng'ambo vimezagaa kati ya ufukwe na magofu. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza, Mortimer Wheeler, alipita pwani hii akashangaa wingi wa vigae vya Kichina. Kwa maoni yake, historia ya Tanganyika kuanzia karne ya 10 imeandikwa kwa kaure. Kauli hiyo ilivuma sana, ila ilimsahau mfinyanzi wa hapa.

Kinachovuta jicho kwanza ni kigae cha seladoni. Mpako wake ni wa kijani na unang'aa. Palipovunjika, udongo ni wa kijivu, umeshikamana barabara na haunywi maji. Bakuli nyingi za aina hii, zenye petali za yungiyungi zilizochongwa kwa nje, zilitoka Longquan nchini China. Zilichomwa katika matanuri marefu yaliyojengwa mteremkoni, kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,200. Tanuri likinyimwa hewa, chuma kidogo kilichomo katika mpako hugeuka kijani. Wafinyanzi wa Korea walijifunza ujuzi huo kwa Wachina, na kufikia karne ya 12 seladoni ya ufalme wa Goryeo ilisifiwa hata China kwenyewe. Huko ilitumika kwa chai, kwa mvinyo na katika mahekalu ya Kibudha.

Huku kwetu ilikuwa pambo na fahari. Kilwa, katika msikiti mdogo wa makuba, bakuli za kigeni zilijengewa darini. Kunduchi zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi. Chakula, hata cha wakubwa, hakikuzitegemea: Ibn Battuta, kabla ya kufika Kilwa mwaka 1331, aliandaliwa wali wa samli Mogadishu katika sinia kubwa la mbao.

Na jikoni je? Seladoni ikibandikwa mafigani hupasuka. Chungu cha udongo wenye mchanga, kilichofinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa moto wa wazi, huhimili. Mtungi nao hutoa jasho, maji yakapoa. Chombo kisichonywa maji hakiwezi kazi hiyo. Si ajabu, basi, kwamba Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka kadhaa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta vigae vya kienyeji vikivizidi vya kigeni kwa mbali. Hivyo ndivyo vinavyosimulia nani alipika, na alipika wapi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, chungu cheusi cha masizi sawa na bakuli la kijani. Anayekutana na kigae shambani au ufukweni akiache palepale, kisha aiarifu ofisi ya Mambo ya Kale: kikishang'olewa mahali pake, nusu ya habari zake imepotea.