Huzuni na Askari wa Mwili

Mazungumzo na wahudumu wa wagonjwa nyumbani, jumuiya ndogo ndogo za Thika na Ruiru

 

Nianze na kosa langu. Kule Ruiru nilikuwa nikimtembelea mama mmoja aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu. Mwezi wa tatu akaanza kuruka dawa. Nilimkuta amelala saa sita mchana, chakula cha jana hakijaguswa. Nikamkemea: "Mama, watoto hawa utamwachia nani? Omba, ujikaze!" Aliniangalia tu. Nilidhani ni uvivu, au imani imepungua. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa pili, nami sikuuona.

Ugonjwa huo ni huzuni kuu. Hospitalini wanaiita dipresheni. Si huzuni ya siku moja. Mtu anakaa wiki mbili au zaidi hafurahii kitu, usingizi na chakula vimeharibika, anajiona hana maana.

Inahusianaje na kinga ya mwili? Kumbuka ulipougua malaria. Hutaki chakula, hutaki wageni, unataka kulala tu. Kinachokulaza si vimelea peke yake. Chembe nyeupe za damu, wale askari wetu, wakipigana hupeleka ujumbe hadi kwenye ubongo: "Pumzika, tuko vitani." Kwa siku chache ujumbe huo ni msaada. Lakini vita vikichukua miezi, kama kwa kifua kikuu au virusi vya Ukimwi, ujumbe unaendelea, na kwa wengine unasaidia kuleta dipresheni. Madaktari waliliona jambo hili kwa wagonjwa wa ini waliodungwa interferoni, dawa inayofanana na ujumbe wa askari hao. Wengi wao walishikwa na dipresheni wakiwa kwenye matibabu.

Njia hiyo ina pande mbili. Mawazo mazito ya muda mrefu nayo huwachosha askari. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, walitoa taarifa kuhusu wanawake waliokuwa wakiuguza jamaa zao waliopoteza kumbukumbu. Wote walikatwa kidonda kidogo mkononi. Vidonda vyao vilichukua siku 9 zaidi kupona kuliko vya wanawake wenzao wasiouguza mtu. Sikilizeni vizuri: hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wauguzaji, kama ninyi.

Sisemi kila huzuni inatoka kwa kinga ya mwili. Kodi ya nyumba, kufutwa kazi, kufiwa, hata kusengenywa kwenye ploti, yote yanaingia. Ninalosema ni kwamba mtu huyu si mvivu, na hajaachwa na Mungu.

Basi tufanye nini? Majirani zetu wa Uganda wametuonyesha. Mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai, watu wenye dipresheni walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, wiki 16. Walioongoza hawakuwa madaktari, walikuwa wenyeji waliofundishwa. Mwishoni, waliobaki na dipresheni hawakufika 7 katika kila 100. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walikuwa karibu 55.

Jumuiya tunazo tayari. Kwa hiyo ukimtembelea mgonjwa, usihesabu vidonge tu. Muulize: "Unalala? Unakula? Moyo wako ukoje?" Halafu nyamaza, usikilize. Ukiona dalili, msindikize hospitalini, mweleze daktari. Dipresheni ina dawa na ushauri wake. Akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake hata kidogo. Na asiache dawa zake nyingine. Sala tusali naye, lakini isiwe badala ya hospitali.

Nanyi wahudumu, pumzikeni. Tembeleeni wawili wawili, mwambiane yanayowalemea.

Yule mama nilimrudia, nikamwomba msamaha. Tulipanda matatu pamoja hadi hospitalini. Alitibiwa yote mawili, akamaliza dawa zake. Siku hizi anauza mboga, na akiniona husema, "Dada, leo hunikemei?"