Mbwa Hatupwi, Hukabidhiwa

Maneno haya yalisemwa na mama mmoja mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana Nakalale. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.



Nimeombwa niseme juu ya kuhama. Wengi walidhani nitasema juu ya kodi ya nyumba na karo ya shule. Mimi nitasema juu ya mbwa. Naona wengine mnacheka. Chekeni tu, mimi pia ningecheka zamani. Lakini nikimaliza, kila mmoja ajiulize: siku nikihama, huyu anayelala mlangoni pangu atakwenda wapi?

Mbwa wangu anaitwa Lokwang, kwa sababu ni mweupe. Nilimlea tangu hajafungua macho. Usiku fisi akikaribia mbuzi, Lokwang ndiye aliyetuamsha. Watoto wangu walijifunza kutembea wakimshika mgongo. Mnajua jinsi ilivyo kwetu: mbwa hahesabiwi katika mahari, hakuna anayemtaja akihesabu mali yake, lakini boma lisilo na mbwa halilali usingizi.

Kisha mvua ikatuacha. Mnakumbuka: tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ilipita bila mvua ya maana. Mbuzi wangu wakaisha hadi wakabaki wanne. Mume wangu alikuwa amekwisha kufariki. Nikasema, heri niende Lodwar, nifue nguo za watu na kuuza makaa, watoto wasiache shule. Nikapata chumba kimoja cha kupanga katika ploti. Milango minane, choo kimoja, na uwanja mdogo katikati ambako kila mtu anaanika nguo na kupika. Mwenye ploti aliniambia siku ya kwanza, "Mama, mbwa hapana."

Nilimwona mtu mbaya. Leo siwezi kusema hivyo. Nyumba ni yake, na uwanja ule ni wa watu wanane. Nani angemlaumu?

Makosa yangu

Kosa la kwanza, nilimficha. Mchana nilimfungia chumbani kwenye joto la mabati, usiku nilimfunga kamba nyuma ya choo. Mbwa aliyezoea kukimbia na mbuzi mchana kutwa, mimi namfunga! Akawa anabweka kila mlango ukifunguliwa. Siku moja mtoto wa jirani akaja kuokota mpira wake karibu naye, Lokwang akamuuma mguu.

Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, tukakimbia hospitali. Swali la kwanza lilikuwa hili: mbwa amechanjwa? Sikuwa na kadi wala karatasi. Hakuwahi kuchanjwa maishani mwake. Mtoto akaanza sindano mara moja, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Nikauza mbuzi wawili kati ya wale wanne kumsaidia mama yake. Tukaambiwa tumfunge mbwa na kumwangalia siku kumi. Akibaki mzima siku zote kumi, basi siku ile alipouma hakuwa na uwezo wa kuambukiza. Mimi sikuwa nikilala. Kila asubuhi niliamka kuangalia kama anakula, kama anatokwa na mate. Siku ya kumi alikuwa mzima. Nikamshukuru Mungu.

Lakini mwenye ploti akasema mwisho wa mwezi mbwa atoke, au sisi sote tutoke.

Kosa la pili ni baya zaidi, na naona haya kulisema mbele ya watoto. Jirani mmoja alinipa shauri la sumu, nikakataa. Mwingine akasema, "Mvushe ng'ambo ya Turkwel, umwache." Hilo nililifanya. Nilimpeleka alfajiri, nikamtupia kipande cha ugali, alipoinama kula nikaondoka. Jioni nilipokuwa napika nilisikia mtoto wangu analia. Kumbe Lokwang amerudi, miguu imekatwakatwa na miiba, na amelala mlangoni. Hakunikasirikia. Alitikisa mkia. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefanya jambo la aibu.

Shauri la mzee

Wakati ule alikuja mjini mzee mmoja wa huku kwetu, rafiki wa marehemu mume wangu, yaani lopai wake, yule wa kupeana mifugo. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Shemeji, mume wako alipotaka kuniachia ngamia wake, alimtupa njiani?"

Nikasema, "La, mzee. Alikuja nyumbani kwako, mkakaa, mkala."

Akasema, "Basi fanya vivyo hivyo."

Ndugu zangu, desturi hii tunaijua tangu mababu. Mtu mwenye busara haweki mifugo yake yote mahali pamoja. Mmoja anakaa kwa mjomba, wawili kwa lopai, wengine kwa mkwe. Ukame ukipiga upande huu, au wezi wakija, hubaki wa kuanzia. Na mnyama aliyepelekwa kwa rafiki hajapotea. Amekuwa kamba inayofunga nyumba mbili. Wazee waliopita katika njaa kuu ya Lopiar, kati ya 1979 na 1981, wanaweza kuwaambia ni nani walioanza tena kwa mbuzi wa marafiki.

Sasa kwa nini ngamia tunamkabidhi, na mbwa tunamwacha kwenye boma tupu na kwenda zetu? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mbwa alitufaa kwenye dhiki.

Mbwa aliyeachwa ni mzigo wa wote

Msidhani hili ni jambo la huruma tu. Mbwa aliyeachwa hafi palepale. Anajiunga na wengine, wanakula mizoga, wanaanza kukamata watoto wa mbuzi. Hakuna anayewachanja wala kuwapa dawa.

Tena kuna ugonjwa ule wa vifuko vya maji tumboni. Turkana yetu ilijulikana duniani kwa wingi wa wagonjwa wake, hata mwaka 1983 AMREF ikaanza mpango wa kupambana nao huku kaskazini magharibi. Wazee wanakumbuka mbwa wakipewa dawa kila wiki sita, na watu wakipasuliwa. Ugonjwa huenda hivi: mbwa anakula maini au mapafu ya mnyama yenye vifuko, tegu wadogo sana wanakaa matumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya. Mtoto anamkumbatia mbwa, kisha anakula bila kunawa. Kifuko kinakua polepole, miaka mingi, bila mtu kujua. Kwa hiyo ukimpa jirani mbwa asiye na dawa, pengine unampa na ugonjwa.

Namna ya kumkabidhi

Nitawaambia tulivyofanya, nanyi mtaongeza yenu.

Kwanza, anzeni mapema. Ukijua utahama, tafuta nyumba ya mbwa kabla ya kutafuta gari. Mimi nilianza nikiwa nimekwisha kuchelewa, na mtoto wa watu ndiye aliyeumwa.

Pili, tafuteni nyumba yenye kazi ya mbwa. Usimpe mtu kwa sababu tu amesema ndiyo. Uliza: ana mbuzi? Nani atampa chakula? Alikuwa na mbwa kabla, na alimfanya nini? Mimi nilipata nyumba hapahapa Nakalale, watu walioibiwa mbuzi na fisi mara mbili. Wao walikuwa wakimhitaji Lokwang kuliko mimi.

Tatu, dawa na chanjo kwanza. Mwone afisa wa mifugo, au mhudumu wa mifugo wa kijijini. Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa akifika miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Akipewa dawa ya minyoo, mfunge siku mbili, kinyesi chake ukichome au ukifukie shimo refu. Kadi ya chanjo iende pamoja na mbwa. Kadi ile, kama ningekuwa nayo siku ile hospitalini, mambo yangekuwa mepesi.

Nne, sema ukweli wote. Mimi nilimwambia yule mama mpya, "Huyu aliwahi kuuma mtoto akiwa amefungwa." Niliogopa atamkataa. Hakumkataa, lakini alijua asimfunge penye watoto. Ukificha kasoro, hujatoa zawadi, umetega mtego.

Tano, mkabidhiane mbele ya watu. Tulikunywa chai, wazee wawili wakashuhudia. Tulikubaliana: akizaa na majike wa pale, mimi sidai watoto, akiugua, nitaarifiwa, wakishindwa naye, watanirudishia habari kabla ya kumpa mtu mwingine. Mnaona? Ni kama ngamia.

Sita, usimtupie mlangoni. Nilikaa pale usiku mbili. Nilienda na kipande cha ngozi alichokuwa akilalia na bakuli lake. Siku ya kwanza nilimlisha mimi, siku ya pili mama wa pale akamlisha nami nimekaa kando. Nilipoondoka walimfunga kwa kamba ndefu wiki nzima, jioni wakitembea naye pamoja na mbuzi, asije akanifuata mpaka Lodwar.

Saba, msiwadanganye watoto. Kijana wangu alitaka kujua kwa nini. Nilitaka kumwambia mbwa amekwenda kutembea. Nikajizuia. Nikamwambia, "Mimi nimeshindwa kumweka, na nimemtafutia pazuri." Akalia siku tatu. Lakini leo bado ananiamini.

Na ikiwa nyumba haikupatikana kabisa, mwendeeni afisa wa mifugo mwombe shauri. Sumu msiweke. Sumu haichagui: itaua mbwa wa jirani, na mtoto anaweza kuiokota.

Kazi ya kikundi

Mwenyekiti, nina ombi. Vikundi vyetu vina daftari la michango na daftari la mikopo. Tuongeze ukurasa mmoja tu. Upande huu tuandike anayehama na ana mbwa. Upande ule tuandike anayehitaji mbwa. Pili, tumwombe afisa wa mifugo wa kaunti siku moja kwa mwaka ya kuchanja hapa, sisi tutafute kivuli na kuwakusanya mbwa. Tatu, siku ya kuchinja, kwenye harusi au mazishi, tuchague mtu mmoja wa kuyakusanya maini na mapafu yenye vifuko na kuyachoma au kuyafukia, mbwa wasiyapate. Hayo hayahitaji mfadhili.

Watu watahama tu. Wengine wanafuata shule, wengine kazi, wengine wamemalizwa na ukame. Nyumba za mjini ni ndogo na wenye nyumba wana masharti yao. Hilo hatuwezi kulizuia. Linalowezekana ni kuhama bila kuacha deni nyuma.

Nimalizie hivi. Baada ya miezi saba nilikuja huku kwa matanga, nikapita kumwona Lokwang. Nilikuwa nimejizuia kuja mapema, maana ukija mapema unamchanganya. Aliniona kwa mbali, akaja mbio, karibu aniangushe. Alinilamba mikono, nami nikalia pale mbele za watu, halafu nikaenda kunawa kama nilivyofundishwa! Tukakaa naye mpaka jua likashuka. Mbuzi walipoanza kurudi, alisimama, akaniangalia kidogo, kisha akaenda kwao.

Nilijisikia vibaya? Ndiyo, kidogo. Lakini wale mbuzi waliingia bomani wote, na mimi nikarudi Lodwar nikalala.

Mwenye swali aulize, na mwenye mbwa wa kutoa, au anayehitaji mbwa, asiondoke kabla hatujaandika jina lake.