Funga Yangu na Kura Niliyoipiga kwa Woga

(Mazungumzo na vijana baada ya futari ya pamoja)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu zangu vijana, nanyi wazazi wetu, nimeombwa nizungumze juu ya uongozi shuleni. Mimi si shekhe wala mwanachuoni. Nitakusimulia kosa langu mwenyewe, kisha wewe upime.

Mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, serikali ya Marekani ilianzisha mpango uitwao YES. Ulichukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, wakakae mwaka mmoja wa masomo na familia za kule na kusoma katika shule za kule. Wanafunzi wa Kenya walikwenda kupitia shirika la AFS. Shirika hilo si la jana. Lilianza mwaka 1915 kama kikosi cha madereva wa kujitolea, wakibeba majeruhi wa vita huko Ufaransa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1947, likaanza kupeleka wanafunzi ng'ambo. Fikra yao ilikuwa kwamba watu waliokula meza moja hawakimbilii kupigana. Sisi Waislamu fikra hiyo si ngeni kwetu. Suratul Hujurat imetueleza kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane.

Basi Agosti 2007 nikatoka Mombasa nikaangukia jimbo la Iowa. Mahindi kulia, mahindi kushoto, mpaka macho yanachoka! Nikapokewa na familia ya Kikristo, watu wema wallahi. Mama wa nyumba ile nikimwita Mama, naye akafurahi.

Shule ilikuwa na baraza la wanafunzi. Viongozi wakuu walikuwa wamekwisha kuchaguliwa, zimebaki nafasi za wawakilishi wa darasa. Wenzangu wakanisukuma: "Simama, simama!" Nikahutubia dakika mbili, nikapigiwa kura, nikapita. Nilizoea viranja wanaoteuliwa na mwalimu, kazi yao kuandika majina ya wapiga kelele. Kule mmoja hutoa hoja, mwingine huiunga mkono, hujadiliwa, hupigiwa kura, na katibu huandika. Anayepinga hapigwi jicho.

Septemba ile ile Ramadhan ikaingia. Nayo ndiyo nyakati za wiki yao kubwa ya kuwakaribisha wahitimu wa zamani, yenye mechi, maandamano na dansi. Baraza lilihitaji pesa. Hoja ikaletwa: tuuze tikiti za bahati nasibu, kila mjumbe tikiti 20, dola moja moja, mshindi apate televisheni.

Nilijua pale pale kuwa hiyo ni kamari. Mjumbe mmoja aliuliza, "Kuna anayepinga?" Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Mikono yote ikainuka kuunga mkono, na wangu nikauinua. Kwa nini? Niliogopa kuonekana mgeni mwenye matata. Ndiyo hivyo tu.

Nikarudi nyumbani na tikiti zangu, nikazificha chini ya godoro. Siku ya kuzipeleka mtaani nikamwambia mwalimu mlezi wa baraza kwamba naumwa. Nikajiambia moyoni, "Angalau sikuuza haramu." Sasa hebu nitazame: nimefunga, tumbo tupu, na uongo mdomoni. Na mnalijua onyo la Mtume (S.A.W.) kwa mfungaji asiyeuacha uongo.

Mwalimu akampigia simu Mama. Jioni nikamkuta jikoni, supu ya kuku iko mekoni, macho yamemwiva. Akaniambia, "Mwanangu, hii funga inakuumiza. Tafadhali, kula. Mungu wako hatakasirika."

Ndugu yangu, pale ndipo nilipokatika maini. Nilisema uongo nikidhani nailinda dini, kumbe uongo wenyewe umeifanya saumu ionekane ndiyo ugonjwa! Na msichana mmoja wa baraza, kwa kunihurumia, alikuwa tayari kuuza tikiti zangu juu ya zake.

Magharibi ilipoingia, kiasi cha saa moja, nikafungua kwa tende, kisha nikamweleza Mama yote. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Kumbe huumwi. Basi kesho uende ukawaambie wao." Hakunipigia simu yeye. Aliniachia mzigo wangu niubebe mwenyewe, na mpaka leo namshukuru.

Kesho yake nikasimama barazani, sauti inatetemeka. Nikawaambia kwamba dini yangu inakataza kamari, kwamba nilipiga kura kwa woga, na kwamba sikuumwa. Mwalimu akasema, "Ungetuambia tangu siku ya kwanza, tungekupa kazi nyingine." Kisha akatusimulia habari ya jimbo lao hilo hilo. Desemba 1965, mjini Des Moines, wanafunzi kadhaa walivaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, wakafukuzwa shule kwa muda. Mmoja alikuwa msichana wa miaka 13. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1969 wakashinda: mwanafunzi haachi haki yake ya kusema langoni mwa shule. Nikaona haya. Mtoto wa miaka 13 alisema lake, na mimi niliyelelewa madrasa nikaficha tikiti chini ya godoro.

Sitaki udhani kwamba wote walinifuata. Bahati nasibu iliendelea, televisheni ikapata mwenyewe. Kura yangu ya "ndiyo" imebaki katika kitabu chao. Mimi nilipewa kazi ya kuosha magari kwa ajili ya mfuko ule ule. Jumamosi nzima na ndoo na sifongo, nimefunga, kiu imenikaba, na msichana yule akicheka: "Leo kweli utaumwa!" Mchana wa dansi nilisaidia kupanga viti, nikaondoka kabla ya magharibi. Novemba tulipokusanya vyakula vya mikebe kwa maskini, mimi ndimi niliyetoa hoja.

Vijana wenzangu, haya si mambo ya Marekani tu. Baada ya migomo ya shule iliyoenea hapa kwetu mwaka 2008, mwaka 2009 liliundwa Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari Kenya, na shule nyingi zikaanza kuwapa wanafunzi kura. Kwa hiyo utaombwa usimame. Pengine utaambiwa Muislamu haombi uongozi. Ni kweli Mtume (S.A.W.) alituonya tusiukimbilie, kwani ni amana nzito. Lakini Nabii Yusuf (A.S.) aliomba kusimamia hazina za Misri, kwa kuwa aliijua kazi na alikuwa mwaminifu. Basi jiulize hayo mawili kabla ya kuweka jina.

Na ukipata kiti, sema lako mapema, kwa adabu, kabla ya mkono kuinuliwa. Ukikataa jambo, jitolee kwa jingine, wasiseme dini yako ni ya kukwepa kazi. Na ukiteleza, rudi kwa wale wale uliowadanganya.

Nanyi wazazi, mtoto anaposafiri mnamfungia tende na msala. Vizuri sana. Mfundisheni pia kusema "hapana" mbele ya watu, aanze na nyie nyumbani.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na aziweke ndimi zetu katika ukweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.