Turubai Juu, Tope Chini



Kamati ya harusi inapokaa, ajenda zake zinajulikana hata kabla ya kikao kufunguliwa: kadi, michango, chakula, vinywaji, mapambo, muziki, mpiga picha, gari la maharusi. Kama kumbi zimekuwa ghali na shughuli itafanyika uwanjani, vinaongezwa turubai na viti, kisha mwenyekiti anafunga kikao. Hakuna aliyeuliza wageni watakanyaga nini. Swali hilo huja lenyewe siku ya shughuli, saa kumi na mbili jioni, wakati kiti cha plastiki alichokalia bibi yake bwana harusi kimezama miguu miwili ya nyuma, naye bibi wa watu anaanza kutazama mbingu. Kwa umri ule, kuanguka ni kuvunjika nyonga, na nyonga ya mzee si jambo la kupaka dawa ya kuchua.

Basi leo tuzungumze juu ya sakafu ya muda, ile inayotandikwa asubuhi na kuondolewa kesho yake.

Tuanze na hesabu ndogo. Mtu mwenye kilo 80 akisimama kwa miguu miwili na viatu vya kawaida, uzito wake umesambaa juu ya sentimita za mraba 300 hivi. Kila sentimita inabeba robo kilo na ushei. Mtu huyo huyo akae kwenye kiti chenye miguu minne, kila mguu ukigusa ardhi kwa sentimita za mraba 4. Jumla ni 16, na kila moja sasa inabeba kilo 5. Mtu hajanenepa wala udongo haujabadilika, lakini ardhi inasukumwa mara 18 zaidi. Kiatu cha mama mwenye kisigino chembamba ni kibaya kuliko kiti. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya sakafu hii ni kusambaza uzito. Urembo unakuja baadaye sana.

Wanajeshi wa Marekani walilitumia jambo hilo mwaka 1941, karibu na kijiji cha Marston katika jimbo la North Carolina, walipojaribu mabati ya chuma ya kutandika viwanja vya ndege. Kila bati lilikuwa na urefu wa futi 10, upana wa inchi 15 na matundu 87 ya kupunguza uzito, likiwa na ndoana za kulishikanisha na mwenzake. Lilikuwa na kilo 30 hivi. Ndege zilitua juu ya mabati hayo mahali ambapo kwenye udongo mtupu zingekwama. Vigae vya plastiki vyenye matundu, vinavyokodishwa siku hizi kwa ajili ya sherehe, ni wajukuu wa bati lile.

Sasa, wapambaji wengi wakiulizwa habari ya chini watakujibu, "Tutaweka zulia." Zulia ni kifuniko. Halibebi kitu. Likitandikwa juu ya nyasi zenye mashimo, linayaficha mashimo hayo, na mgeni ambaye angeliona shimo akalikwepa sasa analiingia kwa heshima zote. Turubai la nailoni juu ya udongo uliolowa ni baya zaidi, maana huteleza kama sabuni. Nawafikiria hasa akina mama wa chakula, wanaobeba sufuria ya pilau ya moto wawili wawili, huku na huku, kutoka mekoni mpaka kwenye meza. Hao hawamo katika orodha ya wageni waalikwa, na ndio wanaopita njia mbaya kuliko wote.

Kabla ya kukodi chochote, nendeni mkautazame uwanja, ikiwezekana baada ya mvua. Chukueni ubao ulionyooka wa mita 2 au 3, mwulaze chini sehemu mbalimbali. Mwanga ukipita chini yake kwa unene wa kidole tu, na ardhi ni ngumu, vigae vya plastiki vitafaa: vinafuata mgongo wa ardhi, maji yanapita kwenye matundu, na vijana wachache wanavitandika bila nyundo. Lakini pengo likiwa la kuingia ngumi, au kisigino kikizama mnapokanyaga, vigae hivyo vitayumba na vishikizo vyake vitakatika. Hapo inatakiwa sakafu inayosimama yenyewe.

Fundi seremala yeyote anaiweza. Zinalazwa mbao za inchi 2 kwa 4, zikiachana sentimita 40, na chini yake vinapachikwa vipande vya ubao mpaka pima maji iridhike. Juu inapigiliwa plaiwudi ya milimita 18, kila kiungo kikiangukia juu ya mbao. Sisitizeni skrubu badala ya misumari, kwa sababu watu wakianza kucheza msumari hupanda na kuchungulia. Plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8 ina karibu mita 3 za mraba, kwa hiyo turubai la mita 10 kwa 10 litakula plaiwudi 34. Ni nyingi. Ndiyo maana watu hukimbilia mapaleti ya bandarini, nami sina ugomvi nayo, mradi yafunikwe plaiwudi, kwa kuwa nafasi kati ya mbao zake inameza kisigino kizima. Tazameni na muhuri wake: HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, MB zilitibiwa kwa gesi ya sumu. Za MB muwaachie wenyewe.

Paleti inainuka sentimita 15 hivi. Kwa kijana hiyo ni ngazi moja, lakini kwa mgeni wa kiti cha magurudumu ni ukuta. Kipimo kinachotumika ni mteremko wa 1 kwa 12, yaani sentimita 15 zinahitaji njia ya mita 1.8. Ubao wa nusu mita uliowekwa harakaharaka ni mtego.

Msiba nao hauna kamati ya miezi mitatu. Turubai linafungwa usiku, na masika hayaangalii nani amefiwa. Hapo maranda ya kwa seremala au pumba za mpunga zitanyonya maji kwa saa kadhaa, kisha zitageuka uji. Wekeni hata vipande vya mbao chini ya miguu ya viti vya wazee, na mbao mbili tatu njiani.

Na kwa harusi, kama fedha hazitoshi mita zote 100, msigawanye unyonge sawasawa uwanja mzima. Anzeni na njia ya kutoka mekoni hadi mezani, kisha njia ya kutoka getini, mahali pa wazee, halafu pa kuchezea. Vijana wabaki kwenye nyasi; wakizama, watainuka wenyewe.