Juu ya Kuwatunza Wenzetu Waliovunjika Uti wa Mgongo

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kwa heshima nyingi twasimama mbele yenu kutimiza agizo la Halmashauri. Hesabu za fedha mmekwisha kuzisikia kwa Mweka Hazina. Sisi tumeagizwa kunena habari ya miguu ya mtu mmoja.

Mnakumbuka ya kuwa kijana wetu, mkwezi wa minazi, aliteleza akaanguka, akavunjika uti wa mgongo. Chama kilichanga nauli na gharama za hospitali, na katika hilo hatuna la kujilaumu. Aliporudi nyumbani miguu yake ilikuwa imelegea, haina hisi. Baada ya majuma kadhaa, siku moja alipokuwa akioshwa kwa maji baridi, mguu ulishtuka ukanyooka wenyewe. Mama yake akapiga vigelegele. Sisi tuliokuja kumtazama tulishangilia, tukaandika katika kitabu cha Chama ya kwamba mgonjwa anapata nafuu. Wale waliokuwa wakienda kumnyosha viungo na kumgeuza wakaona kazi imekwisha. Akaachwa na mto chini ya magoti mchana kutwa. Miezi michache baadaye magoti yalikuwa yamekunjika hayanyooki, na nyayo zimeelekea chini, hata akawa hawezi kuketi vema katika kiti chake cha magurudumu. Kosa hilo ni letu, nasi twalikiri mbele yenu.

Yafaa ifahamike mguu ule ulishtuka kwa nini. Ndani ya uti wa mgongo mna ugwe wa mishipa ya fahamu, uchukuao amri za ubongo hata miguuni na kurudisha habari za miguu hata ubongoni. Sehemu ya ugwe iliyo chini ya jeraha aghalabu haifi; hubaki na nguvu zake za kujibu mguso na mvuto. Kwa mtu mzima wa afya, ubongo huizuia isijibu kupita kiasi. Ugwe ukipondeka, kizuizi hicho hakifiki tena. Kwanza miguu hulegea. Kisha, baada ya majuma au miezi, misuli huanza kujibu kila kitu: baridi, mguso wa shuka, kuvutwa kwa ghafula. Ndipo hukakamaa na kurukaruka. Basi kushtuka huko peke yake si dalili ya kupona, wala si kazi ya pepo. Mgonjwa akiambiwa atikise kidole naye akakitikisa kwa kutaka kwake, tena na tena, hiyo ni habari nyingine, na hospitali iarifiwe.

Tulipompeleka tena hospitali, tabibu wa viungo alitufundisha mambo ambayo twaomba kila mmoja wenu ayashike.

Jambo la kwanza ni upole. Misuli iliyokakamaa hushindana zaidi na yule anayeivuta kwa haraka. Shika kisigino kwa mkono mmoja na goti kwa mkono wa pili. Nyosha polepole hata usikie misuli inakataa. Ngoja hapo mpaka ilegee, ndipo uendelee. Fanya hivyo kwa nyonga, goti na kifundo cha mguu, pande zote mbili. Usitumie nguvu, kwani mifupa ya miguu isiyotembea hudhoofika, yaweza kuvunjika, na mwenyewe hatasikia maumivu ya kumwonya.

Jambo la pili ni jinsi ya kulala na kuketi. Kunyosha hutuliza misuli kwa muda mfupi tu, na uchunguzi wa miaka hii umeonyesha ya kuwa kunyosha peke yake hakutoshi kuzuia viungo visigande. Kwa hiyo mgonjwa asiachwe amekunjika. Alale kifudifudi kwa kitambo kila siku, kama ngozi na pumzi zinaruhusu. Nyayo zake zitegemezwe. Na yule ambaye hospitali imekubali asimamishwe katika fremu. Zipo pia dawa za kulegeza misuli, kama baklofeni, lakini ni za kuandikwa na daktari, wala haifai kuziacha kwa ghafula.

Jambo la tatu ni kutafuta sababu. Mkazo ukizidi kuliko desturi, huenda mwili usio na hisi unalia kwa njia hiyo. Tazama kibofu kilichojaa au mkojo uliochafuka, choo kilichofunga, kidonda, ukucha ulioingia nyamani, nguo inayobana. Kijana wetu alikuwa na kidonda kisiginoni ambacho hakuna aliyekifunua. Na ikiwa aliumia juu ya katikati ya kifua, akashikwa ghafula na kichwa kikali pamoja na jasho usoni, mketishe wima mara moja, mlegezee nguo, kibofu kitolewe mkojo, na apelekwe hospitali pasipo kukawia.

Wala si kila mkazo ni adui. Wako watu ambao ugumu wa miguu huwasaidia kusimama au kuhamia kitini. Kwa hiyo mwenye miguu aulizwe kwanza.

Wazee wetu, huenda mtu akasema hizi ni kazi ndogo. Mwaka 1944, wakati wa vita, Daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi ya watu wa namna hii katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla ya hapo wengi wao walikufa kwa vidonda na maradhi ya mkojo. Yeye aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wakafanyiwa mazoezi na kupewa kazi. Tarehe 29 Julai 1948 watu 16 wa viti vya magurudumu walishindana hapo kwa upinde na mshale. Na huo ndio mwanzo wa michezo ya walemavu inayojulikana leo duniani kote.

Kijana wetu sasa anaketi, ingawa goti moja halijanyooka sawasawa, na huenda lisinyooke. Tulipomwuliza Chama kimsaidie nini, alijibu, “Wazee, wanaokuja kunitazama ni wengi, lakini wa kunigeuza ni mama peke yake.” Neno hilo lilituchoma. Samaki mkunje angali mbichi. Nasi tulingoja akakauka.

Kwa hiyo twaomba Mkutano huu uamue mambo mawili. Kwanza, wanachama wanne wapelekwe kwa tabibu wa viungo wafundishwe, kisha wafike nyumbani kwake kwa zamu, asubuhi na jioni, na zamu zao ziandikwe kitabuni kama michango inavyoandikwa. Pili, akiumia mwanachama mwingine, zamu zipangwe siku ile ile atokapo hospitali, si baada ya viungo kuganda.

Jina letu twaliweka la kwanza katika orodha.