Unga wa Kutosha Leo

  

 Nimeombwa niseme jinsi imani inavyotupa nguvu ya kuwahudumia wenye shida. Nitasema na wale waliochoka, maana ndio wengi humu ndani.

Mtu anatoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee saa moja asubuhi. Usiku kucha amegeuza watu kitandani, amebadilisha shuka, amewaogesha wazee wa watu. Akifika nyumbani watoto wanataka kwenda shule, na simu imejaa ujumbe kutoka kwetu Afrika Mashariki: ada ya mdogo wake, dawa za presha za mama, bati zilizoezuliwa na upepo. Alasiri anaingia kazi ya pili, anabeba boksi. Huyu ukimwambia Jumamosi aje tuhudumie familia ya wakimbizi, atasita, na si kwa ugumu wa moyo. Upendo anao. Mwili ndio umeisha. Kwa hiyo leo simhubirii upendo, namkumbusha habari za nabii Eliya.

Eliya alikuwa mkimbizi. Mfalme Ahabu alikuwa anamsaka, mvua imekatika, naye akavuka mpaka hadi Sarepta, nchi ya Sidoni, kwa watu wasio wa taifa lake wala dini yake. Na Mungu hakumpeleka kwa tajiri. Alimpeleka kwa mjane aliyekuwa akiokota kuni ili apike chakula cha mwisho, ale na mwanawe, kisha wafe. Soma polepole Wafalme wa Kwanza, sura ya 17. Hakuna mahali panaposema yule mama aliamka akakuta magunia yamepangwa ukutani. Alimlisha Eliya, na unga haukuisha, basi. Naamini kila siku aliinama juu ya pipa lile, akakuta unga wa siku hiyo, akapika, na kesho yake akainama tena. Nguvu ya kuhudumu nimeijua hivyo. Sijawahi kuipata ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Mimi mwenyewe huomba ndani ya gari, pale maegeshoni, kabla ya kuingia zamu. Siombi mambo makubwa. Naomba uvumilivu kwa ajili ya mzee mmoja ambaye akili zimemtoka, anayenipiga kofi kila ninapomvisha soksi. Uvumilivu huo huupata, wa usiku huo. Usiku unaofuata naomba tena.

Halafu ipo sura ya 19. Eliya yule yule, baada ya moto na mvua na ushindi wote wa mlima Karmeli, anaketi chini ya mretemu jangwani akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena, ndipo akapata nguvu za kutembea hadi mlima Horebu. Tunapoisoma habari hii kanisani huwa tunakimbilia Horebu, kwenye ile sauti ndogo ya utulivu. Mimi naomba tubaki kidogo pale chini ya mti, kwa sababu Mungu alijua kwamba mtumishi wake ana njaa na usingizi. Ndugu yangu uliyetoka kazini leo asubuhi, kulala kwako si upungufu wa imani.

Mfano wa pili ni wa nyumbani kwetu Afrika Mashariki. Oktoba 2000, katika hospitali ya Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, Uganda, wanafunzi wa uuguzi walianza kufa kwa ugonjwa usioeleweka. Mganga mkuu, Dakta Matthew Lukwiya, alikuwa masomoni Kampala. Alirudi, akakesha akipitia mafaili ya waliokufa, na akashuku Ebola kabla maabara haijathibitisha. Huyu alikuwa Mprotestanti anayeongoza hospitali ya Wakatoliki. Tena ndiye yule ambaye Ijumaa Kuu ya 1989, waasi walipokuja hospitalini kuteka watu, alijitoa wamchukue yeye badala yao.

Novemba hiyo wauguzi walianza kufa mmoja baada ya mwingine. Waliobaki wakakusanyika wakasema basi, wodini hawarudi. Hebu mfikirie binti wa miaka ishirini na kitu, jana ameona mwenzake anazikwa, leo anaambiwa avae glavu aingie kwa mgonjwa anayetoka damu. Dakta Matthew alikaa nao kikao kirefu. Hakumfungia mtu mlango. Alisema yeye anabaki. Walipotoka kwenye kikao kile walirudi kazini. Tarehe 5 Desemba yeye mwenyewe alifariki kwa Ebola, akiwa na miaka 43, akazikwa pale pale hospitalini. Mlipuko ule uliua watu 224 nchini Uganda.

Simtaji ili tutafute kufa kama yeye. Nataka mwone kile chumba. Hofu ilikuwemo walipoingia, na walipotoka ilitoka nao hadi wodini. Lakini hakuna aliyerudi wodini peke yake. Sisi ughaibuni hapo ndipo tunapovunjika: kila mtu anajaribu kuwa mwema peke yake, kwenye nyumba yake, kwa ratiba yake, mpaka anaishiwa.

Sasa nije kwenye jambo letu hapa Iowa. Mnawajua ndugu zetu Wakongo waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania. Kambi ile ilifunguliwa 1996. Wapo watu humu mjini waliozaliwa ndani yake, wakakulia humo, wakaoana humo, na Kongo hawajawahi kuiona. Kiswahili chao ni chetu. Walipofika Marekani, shirika la mapokezi lilikuwa na miezi mitatu tu ya kuwashika mkono. Baada ya hapo ni kodi ya nyumba, deni la tiketi ya ndege kwa shirika la uhamiaji la IOM, kazi ya kukata nyama kwenye baridi kali ya kiwandani, na barua za Kiingereza zinazorundikana juu ya friji.

Mwaka huu niliingia zahanati moja, sitaitaja, wala mama mwenyewe sitamtaja. Nilimkuta kijana wa darasa la sita amesimama kati ya daktari na mama yake. Daktari anauliza habari za damu ya mwezi. Mtoto anatazama viatu vyake. Mama naye, kwa kuona haya mbele ya mwanawe, anasema, "Mwambie tumbo tu linauma." Nikajitambulisha, nikampa kijana hela akanunue soda. Mlango ulipofungwa, mama alieleza yote, na yalikuwa mazito. Alikuwa na haki ya kupewa mkalimani bila kulipa senti. Hakuna aliyemwambia.

Ndugu zangu, haikuhitaji pesa. Ilihitaji mtu mmoja anayejua Kiswahili na aliye tayari kuketi kwenye kiti cha plastiki kwa saa moja. Sisi tunajua kuchanga. Akifa mtu wetu, kabla ya wiki kwisha mwili umeshapata nauli ya kwenda kuzikwa kwao. Hilo ni jema na tusiliache. Ila mama yule yu hai, na tulikuwa tukikutana naye kila wiki kwenye duka la vyakula vya Kiafrika.

Tumekubaliana hivi na baba mchungaji na baba paroko. Kila familia ipewe watu wawili, kamwe asiwe mmoja, ili mmoja akiwa zamu mwenzake ashike. Kabla ya kugonga mlango, hao wawili waombe pamoja, hata kama ni ndani ya gari na kwa dakika mbili. Anayefanya kazi usiku na hawezi kutoka, apokee simu tu: kuna watu wanahitaji kusomewa barua. Ndugu zetu Waislamu mlioitikia mwaliko wetu, wenye nia hiyo hiyo, nafasi zenu zipo, na zipo familia zitakazofurahi kuwapata ninyi.

Daftari liko mezani karibu na mlango. Andika siku ambayo kweli unapumzika, wala usijibebeshe zaidi ya hapo. Wenye magari makubwa tunawahitaji kwanza: Alhamisi kuna familia ya watu tisa yenye miadi ya chanjo, na basi halifiki wanakokaa. Baba paroko, tunakuomba utuongoze kwa sala, tubariki chakula.